Maumivu ya Kichwa ya Klasta: Tiba Mpya Zinapambana na Saa

Mwezi Juni 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha sindano ya galkanezumabu kwa ajili ya watu wanaougua maumivu ya kichwa ya klasta ya aina inayokuja kwa misimu. Mwaka uliofuata Shirika la Dawa la Ulaya, EMA, lilipitia ushahidi uleule na kukataa. Ugomvi haukuwa juu ya takwimu kupikwa wala juu ya madhara ya kutisha. Wagonjwa wa jaribio kuu walikuwa 106 tu, na wataalamu wa ng'ambo mbili za bahari waliwachambua watu walewale na mashambulio yaleyale, kisha wakatoa majibu yanayopingana. Anayetaka kuelewa kwa nini tiba mpya za ugonjwa huu zinasonga kwa kusuasua na aanzie hapo, kwa sababu chanzo cha mgongano huo hakimo ndani ya dawa. Kimo ndani ya ugonjwa wenyewe, ambao una tabia ya kuondoka bila kufukuzwa na mtu.

Klasta humpata takriban mtu mmoja kati ya elfu moja. Maumivu hukaa upande mmoja wa kichwa, nyuma ya jicho, juu yake au kwenye panja, na kwa ukali wake madaktari wengi huyahesabu miongoni mwa maumivu makubwa kabisa yanayoweza kumpata binadamu. Jicho la upande huo huwa jekundu na kububujika machozi, kope hulegea na kushuka, mboni husinyaa, na pua huziba au kuchuruzika. Mgonjwa wa kipandauso hutafuta chumba chenye giza akajilaza kimya. Wa klasta hawezi kutulia hata akitaka. Huenda huku na huko chumbani, hukaa akayumba mbele na nyuma huku amelishika jicho kwa kiganja, na wapo wanaojigonga kichwa ukutani. Shambulio moja hudumu kati ya dakika 15 na saa 3, na linaweza kurudi hadi mara 8 kwa siku, mara nyingi kwa wakati uleule, hasa usiku, saa moja au mbili baada ya mtu kushikwa na usingizi. Kwa walio wengi mashambulio hukusanyika katika msimu wa wiki kadhaa au miezi michache, halafu hutoweka kwa miezi au hata miaka. Kwa wachache, kama 10 hadi 20 katika kila wagonjwa 100, msimu haufungi: hao ndio wenye aina sugu, ambao katika mwaka mzima hawapati hata miezi 3 mfululizo ya nafuu.

Ugonjwa unaofuata saa kwa uaminifu wa namna hiyo uliwafanya watafiti waitilie shaka haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo ambayo ndani yake imo saa ya mwili. Mwaka 1998 mtafiti Arne May na wenzake walichapisha picha za PET, kipimo kinachoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi, na picha hizo zilionyesha eneo hilo likiwaka kazi wakati wa shambulio, upande uleule wenye maumivu. Tangu hapo imekuwa vigumu kuuzungumzia ugonjwa huu kama tatizo la mishipa ya damu peke yake. Kwa maoni yangu, hata hivyo, somo kubwa la ugunduzi ule halijazingatiwa ipasavyo katika namna tunavyozipima dawa. Kila tiba ya klasta inashindana na saa mbili kwa mpigo. Ile ya kukata shambulio ikichelewa nusu saa, baadhi ya mashambulio yatakuwa yamekwisha yenyewe, na ile ya kuzuia ikichelewa wiki tatu, msimu wenyewe huenda umeshaelekea ukingoni. Kwa hiyo swali la kumuuliza kila anayeleta tiba mpya ni kama tiba hiyo imeutangulia muda, kwa kuwa nafuu peke yake hata muda huileta.

Tuirudie galkanezumabu kwa jicho hilo. Washiriki walianza wakiwa na wastani wa mashambulio 17 na ushei kwa wiki. Katika wiki 3 za kwanza, waliopewa miligramu 300 za dawa walipungukiwa na mashambulio 8.7 kwa wiki kwa wastani, na waliopewa sindano tupu isiyo na kiambato walipungukiwa na 5.2. Ilipofika wiki ya 3, asilimia 71 ya kundi la dawa walikuwa wamepata nafuu ya nusu au zaidi. Katika kundi la sindano tupu walikuwa asilimia 53. Namba hii ya mwisho ndiyo ya kukodolea macho. Zaidi ya nusu ya watu ambao hawakupewa chochote walikuwa wamepungukiwa na nusu ya mashambulio yao ndani ya wiki tatu. Sehemu ya nafuu hiyo ni matumaini, na sehemu, pengine iliyo kubwa zaidi, ni msimu unaoelekea kufunga. Ongeza kwamba jaribio lilikuwa limepangwa kuwa na watu 162 na likafungwa mapema kwa kukosa washiriki wa kutosha. Mshiriki alipaswa awe ndani ya msimu, awe tayari kuandika shajara ya mashambulio kwa siku kadhaa kabla ya sindano ya kwanza, na akubali uwezekano wa kupewa maji matupu katika majuma mabaya kuliko yote ya mwaka wake. Si ajabu kwamba walipatikana wachache.

Ningekuwa kwenye meza ya wakaguzi ningeinua mkono upande wa kuidhinisha. Tofauti ya mashambulio matatu na nusu kwa wiki, katika wiki zilezile ambazo mgonjwa hajui atalala wapi wala atafanyaje kazi, si jambo dogo, na madhara yaliyoonekana yalikuwa mepesi, yaliyotajwa zaidi yakiwa maumivu mahali palipochomwa sindano. Lakini siwezi kuwalaumu wakaguzi wa Ulaya kwa kusema kwamba tofauti hiyo, kutoka jaribio moja dogo lililokatishwa, haikuwathibitishia jambo, hasa walipokuwa na jaribio la pili mkononi.

Jaribio hilo la pili, la watu 237 wenye aina sugu, lilishindwa kabisa: galkanezumabu haikuizidi sindano tupu. Dawa hii ni kingamwili, yaani protini iliyotengenezwa kunasa kemikali moja maalumu mwilini. Kingamwili ndugu yake, fremanezumabu, ilisimamishwa katika majaribio ya aina zote mbili baada ya hesabu za katikati kuonyesha kwamba haingefika ilikokusudiwa. Eptinezumabu, inayoingizwa mshipani kwa dripu na hivyo kutarajiwa kufanya kazi haraka zaidi, nayo haikufikia lengo lake kuu kwa wagonjwa wa misimu. Pande zote mbili zilipata nafuu karibu sawa. Ukizijumlisha habari hizo unaweza kudhani kwamba njia nzima ilikuwa ya kupotea. Mimi sidhani hivyo, na sababu yangu inatoka maabara.

Kingamwili hizi zote huizuia CGRP, kemikali ambayo neva ya trijemina, ile inayobeba hisia za uso, huimwaga inaposisimka. Mwaka 1994 Peter Goadsby na Lars Edvinsson walipima damu ya mshipa wa shingo wakati wa shambulio, wakaikuta CGRP imepanda, kisha ikashuka baada ya mgonjwa kutulizwa kwa oksijeni au sumatriptani, dawa ya kukata shambulio. Mwaka 2018 watafiti wa Denmark wakaenda mbele zaidi kwa kuwaingizia wagonjwa CGRP yenyewe. Kati ya watu 9 waliokuwa ndani ya msimu, 8 walipata shambulio. Kati ya 13 wenye aina sugu, walipata 7. Kati ya 9 ambao msimu wao ulikuwa umefungwa, hakuna hata mmoja. Kemikali ni ileile, ugonjwa ni uleule, ila saa ya mwaka ni tofauti, na shambulio halikutokea. Maana yake, CGRP ni kiwashio chenye nguvu pale tu ambapo kuna kitu kingine kimeshaufungua mlango, na kitu hicho bado hakina dawa. Kingamwili inayozuia kiwashio inaweza kupunguza mioto bila kuugusa mlango. Kwa mgonjwa ambaye msimu wake ungefunga wenyewe baada ya wiki sita, hilo linaweza kumtosha. Kwa mwenye aina sugu, ambaye mlango wake hauna siku ya kufungwa, ni wazi kwamba halitoshi.

Mgawanyiko huohuo kati ya wa misimu na wa sugu unaonekana kwenye vifaa vya umeme. Kifaa cha mkononi kinachobanwa shingoni ili kusisimua neva ya vagasi, neva ndefu itokayo ubongoni ikapita shingoni, kiitwacho gammaCore, kilipata ruhusa ya FDA mwaka 2017 kwa ajili ya kutuliza mashambulio ya aina ya misimu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, wagonjwa wa misimu waliokitumia walikuwa bila maumivu ndani ya dakika 15 katika asilimia 48 ya mashambulio, dhidi ya asilimia 6 kwa kifaa cha kuigiza, kinachofanana nacho ila hakitibu. Ukiwachanganya wagonjwa wote pamoja na wa sugu, tofauti hiyo huyeyuka. Mtu anayesoma tangazo la kifaa bila kuuliza ni wagonjwa wa aina gani waliopimwa atanunua matumaini ya mwingine.

Kwa wenye aina sugu iliyoshindikana kwa dawa, majaribio yamekuwa ya kisu. Mwanzoni mwa karne hii madaktari wa Milan, Italia, walianza kuingiza waya wa umeme hadi kwenye haipothalamasi, kwa hoja kwamba picha za PET zilikuwa zimewaonyesha njia. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu kubwa. Huko Ubelgiji mgonjwa mmoja alifariki kwa kuvuja damu ubongoni baada ya upasuaji wa namna hiyo, na jaribio dogo la Ufaransa la mwaka 2010, lenye wagonjwa 11, halikuonyesha tofauti kati ya waya uliowashwa na uliozimwa katika kipindi ambacho mgonjwa hakuambiwa hali ya waya wake. Ndipo wengi wakahamia kwenye neva za kisogo, ambazo waya wake hukaa chini ya ngozi na hauingii ubongoni. Jaribio kubwa la njia hiyo, liitwalo ICON, lilichapishwa mwaka 2021, na linastahili kusomwa polepole. Kwa kuwa mtu anayesisimuliwa neva huhisi mtetemo, hakuna namna ya kumdanganya kwa kifaa kilichozimwa, kwa hiyo watafiti walilinganisha umeme wa nguvu kamili na umeme wa asilimia 30. Makundi yote mawili yalishuka karibu sawa, na kwa ujumla mashambulio yalipungua kutoka takriban 16 kwa wiki hadi 7 na kidogo. Wako wanaosema hilo linathibitisha kwamba hata umeme mdogo unatosha, na wako wanaosema halithibitishi chochote. Mimi niko karibu na wa kwanza, kwa sababu hawa walikuwa wenye aina sugu ambayo kwa miaka ilikuwa imekataa kila dawa, na kwao muda haukuwa na mazoea ya kuleta nafuu. Ushahidi kamili, hata hivyo, hauwezi kuitwa.

Kuna kisa kimoja katika sura hii ya vifaa ambacho hakipewi nafasi kinayostahili. Kampuni ya Autonomic Technologies ilitengeneza kifaa kidogo kama lozi kinachopandikizwa usoni kupitia ndani ya mdomo, juu ya ufizi, hadi karibu na fundo la neva lililo nyuma ya shavu. Mgonjwa akihisi shambulio linakuja huweka rimoti shavuni, na kifaa huanza kutoa umeme. Matokeo ya jaribio lake yalichapishwa katika jarida la Lancet Neurology mwaka 2019, na yalikuwa mazuri kuliko ya kifaa cha kuigiza. Wakati huohuo kampuni iliishiwa fedha na kufunga milango. Waliokuwa wamepandikizwa wakabaki na chuma usoni ambacho hakina fundi, programu wala rimoti ya akiba. Tunapozungumzia tiba zinazochipuka huwa tunauliza kama zinafanya kazi na kama ni salama. Ni nadra kuuliza ni nani atakayekuwepo baada ya miaka kumi kubadilisha betri.

Kwenye silosibini, kiini cha uyoga unaoleta njozi, mambo yalikwenda kinyume: wagonjwa walitangulia na sayansi ikafuata. Mwaka 2006 Sewell na wenzake walichapisha mahojiano na watu 53 wenye klasta waliokuwa wamejitibu kwa silosibini au LSD, dawa nyingine iletayo njozi. Kati ya 26 walioitumia silosibini kukata shambulio, 22 walisema ilifanya kazi. Wengi walikuwa wakiinywa kinyume cha sheria, wakihesabu dozi wenyewe nyumbani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na sioni haki ya kuwakemea. Hata hivyo, masimulizi ya watu waliojitokeza kwa kuwa wamepona hayawezi kupima dawa ya ugonjwa unaoondoka wenyewe. Jaribio la kwanza la kulinganisha na dawa tupu, lililofanywa na Emmanuelle Schindler wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2022, lilikuwa na watu 14 tu waliopewa dozi tatu kwa kupishana siku tano. Mashambulio yalipungua, lakini kwa wachache namna ile tofauti haikuweza kutenganishwa na bahati. Utafiti mdogo wa Denmark kwa watu 10 wenye aina sugu, usio na kundi la kulinganisha, ulipata upungufu wa karibu theluthi. Linalonivutia ni wazo lililo nyuma ya dozi hizo chache, kwamba badala ya kuzima kila shambulio dawa inaweza kuufunga msimu wenyewe. Kama wazo hilo ni la kweli, basi ndiyo tiba pekee iliyotajwa hapa inayoulenga ule mlango. Ndiyo maana inahitaji majaribio makubwa, na ndiyo maana pia ni mapema mno kwa mtu kuitangaza.

Pamoja na hayo yote, tiba iliyoshinda saa kwa uwazi zaidi si mpya hata kidogo. Mgonjwa aliyeamshwa na shambulio huketi ukingoni mwa kitanda, akainama mbele kidogo, akajifunga barakoa yenye mfuko isiyopitisha hewa ya nje, akafungua mtungi hadi lita 12 kwa dakika na kuvuta pumzi. Katika jaribio la Cohen, Burns na Goadsby lililochapishwa mwaka 2009, oksijeni ya namna hiyo ilimwacha mgonjwa bila maumivu, au akiwa na nafuu ya kutosha, ndani ya dakika 15 katika asilimia 78 ya mashambulio, dhidi ya asilimia 20 kwa hewa ya kawaida. Hakuna kingamwili iliyotajwa juu yenye pengo kama hilo. Sindano ya sumatriptani ya miligramu 6 ilishathibitika tangu mwaka 1991, nayo huleta nafuu ndani ya dakika 15 kwa takriban wagonjwa watatu kati ya wanne. Vidonge vya dawa hiyohiyo havisaidii sana, kwa sababu kidonge kinapofika kwenye damu shambulio limeshamaliza kazi yake. Sindano nayo ina mipaka: haimfai mwenye ugonjwa wa moyo, na haizidi mbili kwa siku, ilhali mashambulio yanaweza kuwa manane. Oksijeni haina mpaka wa namna hiyo, ila izingatiwe tu kwamba haikai chumba kimoja na sigara, jambo ambalo linawagusa wengi wao, kwa kuwa wagonjwa wa klasta huvuta sigara kuliko watu wengine, na uchambuzi wa vinasaba wa mwaka 2023 ulielekeza kwamba uvutaji huenda ni mojawapo ya visababishi.

Oksijeni haina mwenye hataza, na hapo ndipo inapopwaya. Medicare, bima ya serikali ya Marekani, iliamua mwaka 2011 kwamba haitailipia oksijeni ya nyumbani kwa klasta isipokuwa ndani ya utafiti, wakati jaribio la 2009 lilikuwa limeshachapishwa, na sharti hilo halikuondolewa hadi mwaka 2021. Katikati ya kipindi hicho nchi hiyohiyo iliidhinisha kingamwili mpya kwa ushahidi mwembamba zaidi. Kwenye kinga nako tiba kongwe inaendelea kubeba mzigo: verapamili, dawa ya moyo, ambayo hupandishwa taratibu huku umeme wa moyo ukipimwa kwa ECG, kwa sababu dozi kubwa zinaweza kuyavuruga mapigo. Upandishaji huo huchukua wiki, na wiki ndizo mgonjwa asizokuwa nazo. Jaribio la Ujerumani la mwaka 2021 lilionyesha kwamba prednisoni, dawa ya jamii ya steroidi, inaweza kuziba pengo hilo: miligramu 100 kwa siku 5, kisha kushushwa hatua kwa hatua, zilipunguza mashambulio ya wiki ya kwanza hadi wastani wa 7.1, dhidi ya 9.5 kwa dawa tupu. Si muujiza, ila jaribio hilo liliuliza swali sahihi, kwa sababu lilipima wiki ya kwanza.

Majaribio yajayo yangeweza kuiga hilo na kwenda mbali zaidi. Wagonjwa wengi wa misimu wanaujua msimu wao unavyoanza, na baadhi yao wanaujua hata mwezi wake. Hakuna sababu ya kisayansi ya kungoja hadi mtu awe katikati ya mateso ndipo atafutwe, apimwe, asainishwe na kuandikishwa shajara huku siku zikikimbia. Angeweza kusajiliwa na kufanyiwa vipimo vyote akiwa mzima, akapewa boksi lililofungwa la kuweka nyumbani, na sindano ya kwanza, iwe ya dawa au tupu, ikachomwa siku ya shambulio la kwanza badala ya siku ya kumi na nne. Wenye aina sugu wangewekewa majaribio yao peke yao, ya miezi mingi, bila kuchanganywa na wengine kwenye hesabu moja, kwani kwao nafuu ikidumu nusu mwaka kuna sababu ndogo zaidi ya kuisingizia kalenda. Na katika makundi yote, kila mshiriki angepewa mtungi wa oksijeni na barakoa inayofaa tangu siku ya kwanza, ili anayekubali uwezekano wa kupewa sindano tupu asilazimike kuvumilia usiku mzima kwa ajili ya takwimu zetu.